Mwaka Leora Haskett Alipokata Seng'enge

Mtalii akiingia kwenye mkahawa wa Marva pale Pell Creek akaagiza kahawa tu, alikuwa na bahati yake. Akiagiza chakula, basi kwisha habari yake, maana kabla sahani haijafika mezani mzee Wendell Haskett angekuwa ameshavuta kiti.

"Mmetoka wapi? Ohio? Haya niambieni, wanawake wa Ohio walianza lini kupiga kura?"

Wageni wangetazamana.

"Mwaka wa ishirini! Elfu moja mia tisa na ishirini, Washington ilipozinduka usingizini. Sisi huku Wyoming tulipitisha sheria elfu moja mia nane sitini na tisa, hata jimbo hatujawa. Kuleni, kuleni, chakula kitapoa."

Kisha angewashushia mengine yote: hifadhi ya taifa ya kwanza duniani, nyumba ya Medicine Bow iliyojengwa kwa mifupa ya dinosaria, sungura wa hadithi mwenye pembe, wa mji wa Douglas, ambaye hutolewa hata kibali cha kumwinda, swala walio wengi kuliko watu, mji wa Jackson uliowahi kuongozwa na baraza la wanawake peke yao. Kumalizia, angesimama na kuvua kofia. Wakati Wyoming inaomba kuwa jimbo, Washington ilisema iwaondoe kwanza wanawake kwenye kura. Wazee wakajibu kwa telegramu: tutakaa nje ya Muungano miaka mia kuliko kuingia bila wanawake wetu. Kama telegramu hiyo ilipelekwa kweli au la, Wendell hakutaka kuulizwa.

Leora, binti yake, alikuwa ameyasikia hayo tangu tumboni. Alipokuwa mdogo baba yake alikuwa akimsimamisha juu ya kreti ya maziwa mbele ya wageni, naye akiyamwaga bila kukwama. Alichokipenda zaidi ni habari ya Louisa Swain, bibi mmoja wa Laramie aliyetoka nyumbani asubuhi moja ya Septemba na aproni yake na kindoo mkononi, anakwenda kununua hamira, akapita kituoni, akapiga kura kabla ya mwanamke mwingine yeyote, kisha akaendelea na safari yake ya hamira. Leora alimpenda bibi huyo kuliko bibi zake wa damu. Alikua akiamini kwamba amezaliwa mahali ambapo jambo hilo lilikwisha zamani, halina tena mjadala.

Alikuwa chuoni Laramie farasi alipomwangukia baba yake na kumvunja nyonga. Akarudi na mkoba mmoja, kwa majira ya baridi tu, alisema. Mdogo wake Garth alikuwa bado shule ya sekondari, anacheza mpira, hawezi kusumbuliwa. Majira ya baridi yakaisha, yakaja mengine, hata Garth akamaliza shule, akaenda Denver kuuza nyumba, akaoa, akawa anakuja Krismasi. Leora alibaki na ng'ombe. Yeye ndiye aliyekesha Machi nzima kwenye theluji, mkono umezama hadi begani ndani ya ng'ombe, akimgeuza ndama aliyekaa vibaya. Yeye ndiye aliyefungua mifereji masika, akakata nyasi kiangazi na kuzifunga marobota, akachimbia nguzo za uzio kwenye ardhi ngumu kama kigae. Mama yake, Ina, alipougua saratani, Leora ndiye aliyemwogesha. Aliwahi kuolewa na mtu aitwaye Royce, aliyekwenda Rock Springs kutafuta kazi kwenye visima vya mafuta, akapata kazi na mwanamke. Leora hakumfuata. Ndama walikuwa wanazaliwa.

Basi ukafika mwaka wa tisini, mwaka ambao Wyoming ilitimiza karne moja ya kuwa jimbo. Leora alikuwa na miaka arobaini na sita.

Mwezi wa Mei, siku ya kupiga ndama chapa na kuwahasi, majirani walikuja kusaidia kama ilivyo ada, na Garth akaja kutoka Denver na kofia mpya isiyo na hata alama ya jasho. Mchana meza ndefu ikatandikwa uani: maharage, viazi, mikate ya mdalasini, na korodani za ndama zilizokaangwa, maana siku hiyo hakuna kinachotupwa. Leora ndiye aliyekuwa akikaanga. Baba yake akagonga glasi kwa kisu.

"Jamani, mwaka huu jimbo letu linatimiza mia, na mimi natimiza themanini," alisema. "Nataka mlisikie hili kutoka kinywani mwangu. Nimekwisha kuonana na mwanasheria. Ranchi naiandika kwa jina la Garth mwaka huu huu."

Watu wakapiga makofi machache, kisha mmoja mmoja wakakumbuka kumtazama Leora. Alikuwa amesimama na kikaango mkononi.

"Na mimi?"

"Wewe ni wa hapa, mwanangu. Chumba chako ni chako siku zote. Garth hatakufukuza. Si ndiyo, Garth?"

"Aa, wapi," alisema Garth, mdomo umejaa. "Hilo hata halina haja ya kusemwa."

Leora aliteremsha kikaango mezani kwa kishindo, mafuta yakaruka hadi kwenye ile kofia mpya.

"Hatanifukuza," alisema.

"Leora, mama..."

"Hapana, subiri, nataka nilielewe vizuri. Miaka ishirini na saba nimefanya kazi hapa, na zawadi yangu ni kwamba hatanifukuza."

"Ni jina, mwanangu. Haskett. Wewe ukifa, jina linaishia hapo. Garth ana watoto wa kiume."

"Watoto wake hawajui ng'ombe anakunywa maji upande gani!"

Jirani mmoja, Odell Crandall, akakohoa na kuomba apitishiwe chumvi. Leora aliitazama meza nzima, uso kwa uso, na hakuna hata mmoja aliyeinua macho. Akaondoka. Ndama walikuwa bado wamebaki zizini, na ndama hawangoji watu wamalize kugombana.

Delphine Wesaw alikuwa huko, akijaza sindano ya chanjo. Huyu alikuwa Mshoshone, mwenyeji wa asili wa nchi hiyo, kutoka Crowheart, ng'ambo ya mto, rafiki wa Leora tangu wote wawili walipokuwa wasichana wa kushindana mbio za farasi kwenye maonyesho. Alikuwa amesikia kila kitu. Upepo wa Pell Creek haufichi neno.

"Unamdunga huyo ndama kama yeye ndiye aliyekukosea," alimwambia Leora, aliyekwisha kushika sindano.

"Ardhi yangu, Delphine. Ardhi yangu amempa mtu anayeogopa kukanyaga mavi!"

"Ardhi yako." Delphine alitazama milimani. "Bibi wa bibi yangu alikuwa akichuma cheri pori kwenye kijito hiki kabla Haskett yeyote hajajua Wyoming ni kitu cha kuliwa au cha kuvaliwa. Kama ni kulilia ardhi, dada, kuna foleni. Mimi niko mbele yako."

Siku nyingine Leora angecheka. "Leo usinitanie."

"Sikutanii. Nakwambia hiyo hasira yako naijua hadi harufu. Haya, lete mwingine."

Wiki zilizofuata Leora alifanya kazi kama anayepigana na mtu. Alipika, akala akiwa amesimama, akatoka. Baba yake alijaribu kusema mambo ya hali ya hewa. Siku moja alimfuata hadi kwenye mfereji mkuu, akiburuta mguu wake mbovu, akamkuta ndani ya maji na koleo la udongo.

"Hata baba yangu alinipa mimi," alisema. "Hakuwapa dada zangu, na hakuna aliyenuna. Ndivyo ilivyo kwa watu wa ng'ombe."

"Hakuna aliyenuna? Shangazi Cleo alikufa mjini Casper akifua mashuka ya hoteli. Ulimuuliza lini kama amenuna?"

"Cleo alikuwa na tabia yake."

"Cleo alifuga kondoo mia mbili peke yake ulipokuwa jeshini! Wewe mwenyewe ndiye uliyenisimulia! Ulirudi ukamkuta na kondoo wanono, ukamwambia asante, sasa katafute mume."

"Usinipigie kelele, mimi baba yako."

"Basi toka kwenye mfereji wangu." Akanyamaza, kisha akacheka kicheko kikavu. "Samahani. Mfereji wa Garth."

Garth alipopigiwa simu alikuwa mpole, na upole wake ndio uliomchoma Leora kuliko yote. Hakuomba, alisema. Yeye mwenyewe alishangaa. Lakini kwa kuwa imekuwa hivyo, kwa nini Leora asiwe msimamizi? Angepewa hata mshahara. Na tena, kuna mtu wa Jackson aliyeulizia kile kipande cha kando ya kijito, anataka kujenga vibanda vya watalii wa kuvua samaki.

"Kipande cha kijito ndicho chenye nyasi, Garth."

"Nyasi unaweza kununua, Lee."

Akamkatia simu.

Tarehe kumi Julai, mji mzima ulijaa kwenye uwanja wa shule. Bendera za jimbo zenye picha ya nyati zilipepea kila nguzo, bendi ya wazima moto ikapiga vibaya kama kawaida yake, pai zikapangwa kwenye meza hadi barabarani. Mzungumzaji mkuu alikuwa Wendell Haskett, nani tena? Alipanda jukwaani na tai yake ya kamba, akawapa watu yote: mifupa ya dinosaria, swala, sungura mwenye pembe. Watu walicheka palepale walipozoea kucheka. Alipofika kwenye telegramu alivua kofia, na wanaume wote uwanjani wakavua zao.

"Tutakaa nje miaka mia kuliko kuingia bila wanawake wetu!" alinguruma. "Na leo miaka mia imetimia, na wanawake wetu hawa hapa! Binti yangu yuko wapi? Leora! Njoo uwaambie watoto hawa jina la mwanamke wa kwanza kupiga kura."

Labda alidhani mbele za watu atalainika. Labda alikuwa amesahau kabisa. Watu wa namna yake husahau upesi maumivu yasiyo yao. Leora alikuwa nyuma, kando ya meza ya pai. Akaweka uma chini, akapita katikati ya watu, akapanda ngazi na buti zenye tope la asubuhi.

"Louisa Swain," alisema kwenye kipaza sauti.

Makofi.

"Ngojeni. Baba huwa anaishia hapo, na mimi sijamaliza. Mwaka ule ule wa sitini na tisa, baraza lile lile lilipitisha sheria nyingine. Mwanamke aliyeolewa awe na mali yake mwenyewe. Ardhi yake, ng'ombe wake, mumewe asiiguse. Mmewahi kumsikia baba akiwasimulia watalii hiyo? Hamtaisikia. Kura haimgharimu kitu. Mwanamke apige kura, akanunue hamira, arudi nyumbani akande unga. Lakini ardhi!"

"Leora," baba yake alimnong'oneza.

"Nimewazalisha ng'ombe wake tangu nina miaka kumi na tisa. Mwezi wa tano amempa ranchi mdogo wangu wa Denver kwa sababu mimi sina ndevu. Leo ananiita hapa nisimame juu ya kreti nimsifie. Kila mwaka mnatuvika kilemba cha ukoka, tunapiga makofi, tunakwenda kuosha vyombo!"

"Ya nyumbani yamalizeni nyumbani!" alipaza sauti Odell Crandall.

"Nyumbani kwa nani, Odell? Hilo ndilo ninalouliza!"

Mtu mmoja alipiga makofi, peke yake, polepole: Delphine. Wengine walitazama viatu vyao. Wendell alikuwa amekuwa mwekundu hadi masikioni.

"Umenivua nguo mbele za watu," alisema, na kipaza sauti kikalichukua neno hilo hadi mwisho wa uwanja.

"Wewe ulinivua mimi mbele ya sahani ya korodani."

Akashuka. Alipokuwa anatoka uwanjani, mama mmoja mzee, mke wa mtu wa ranchi ya kaskazini, alimshika mkono kwa nguvu. "Na mimi walinifanyia hivyo hivyo," alisema, "mwaka wa arobaini na nane," kisha akauachia upesi, mumewe asimwone.

Asubuhi iliyofuata Leora alipanda farasi akaanza kuwatenga ng'ombe wake. Maana alikuwa na ng'ombe. Badala ya mshahara, baba yake alikuwa akimpa mtamba mmoja kila mwaka, na mitamba ile ilikuwa imezaa, na wazao wake wakazaa, na wote walikuwa na chapa yake, L iliyolala ubavu. Hakuna aliyewahi kuangalia vizuri kundi la Haskett lina L ngapi. Siku hiyo zilionekana. Zilikuwa nyingi mno.

Delphine alikuja na farasi wawili na mbwa. Nyasi zipo kwetu, alisema, kukodi ni kwa masharti yale yale ya watu wote, usinitarajie nikupunguzie kwa sababu umepigiwa makofi. Leora akasema sawa.

Walipofika na kundi kwenye geti la barabarani walikuta mnyororo na kufuli. Upande wa pili Wendell ameegemea pikapu yake.

"Fungua, baba."

"Ng'ombe hao wamekula nyasi zangu maisha yao yote."

"Na mimi nimekula nini maisha yangu yote?"

"Ukitoka hapa, Leora, usinirudie."

"Utanirudia wewe."

"Kiburi hicho umekitoa wapi?"

"Unauliza?" Sauti yake ilipasuka. "Ulinipandisha kwenye kreti nina miaka saba ukaniambia mimi ni wa kwanza! Ulitaka niamini nini?"

Mzee hakulifungua kufuli. Leora akageuza farasi, akafuata uzio mwendo wa kurusha jiwe, akashuka. Kule kwao mtu akikata seng'enge ya mwenzake anaweza kupigwa risasi, na hapana atakayemsikitikia. Alitoa koleo ya kukatia waya kwenye begi la tandiko akakata waya wa juu, kisha wa kati, kisha wa chini, na kila waya ulivyokatika ulilia kama gitaa. Baba yake alipiga ukelele. Delphine akapiga mluzi, mbwa wakaingia kazini, na ng'ombe wa L wakamiminika barabarani na ndama wao, vumbi likafunika pikapu.

Alipopita wa mwisho, Leora alibaki. Alichukua nyaya akazivuta, akazisokota, akazikaza moja baada ya nyingine mpaka uzio ukawa imara kama mwanzo, maana ng'ombe wa baba waliobaki hawakuwa na kosa, na ule uzio alikuwa ameujenga mwenyewe. Alifanya kazi hiyo mbele ya macho ya baba yake bila kumtazama. Kisha akapanda farasi akawafuata wenzake.

Aliishi Crowheart kwenye nyumba ya bati yenye magurudumu, upepo ukiitikisa usiku na mchana. Pell Creek iligawanyika. Wapo waliosema ameharibu sikukuu. Wapo waliosema aliyosema ni kweli ila mahali hapakuwa pake, na hao ndio waliomchukiza zaidi. Marva aliendelea kummiminia kahawa kama kawaida, na Wendell, kwa mara ya kwanza, akawa anawasimulia watalii habari za sungura mwenye pembe na kuishia hapo.

Machi Garth alimpigia simu. Alikuwa amechukua likizo kuja kusaidia. Wafanyakazi wawili walikuwa wameacha.

"Lee, ndama anatoka miguu ya nyuma mbele. Nifanye nini?"

Leora alifumba macho. Aliona zizi, aliona ng'ombe mwenyewe.

"Usiuvute mkia. Shika miguu yote miwili, vuta anaposukuma, ukianza kutoa kiuno usisimame hata kidogo, atazama kwenye maji ya uzazi."

Alisikia simu ikiwekwa juu ya kitu, alisikia ndugu yake akihema na kutukana, kisha akasikia ndama akikohoa.

"Yu hai!" Garth alikuwa analia. "Lee, yu hai! Rudi, tafadhali, rudi nyumbani."

"Nimekusaidia kwa ajili ya ng'ombe," alisema, akakata.

Garth alikiuza kipande cha kijito mwaka ule, na mwaka uliofuata akauza kilichobaki, kwa sababu bila kijito hakukuwa na nyasi, na bila nyasi hakukuwa na ng'ombe, kama alivyoambiwa. Wendell alihamia chumba kimoja juu ya duka la vyuma mjini. Leora alikwenda kumwona Novemba, alipopata habari kwamba hawezi tena kushuka ngazi vizuri. Alimkuta amekaa dirishani na kofia kichwani, humo humo ndani.

Leora akavuta kiti.

"Nilidhani utabaki," mzee alisema. "Nilidhani utanuna, kisha utabaki."

"Najua."

"Unanichukia?"

Leora alifikiri. "Sikuchukii. Nina hasira na wewe. Naamka nayo, navaa buti nayo. Nikiwa nafungua maji kwenye ardhi ya kukodi nakukasirikia upya."

"Ina angesema nini?"

"Mama alisema. Alikuambia mbele yangu, kitandani, uandike jina langu. Ukamwambia apumzike."

Mzee aligeukia dirisha. Alisema, karibu kwa aibu, kwamba hajaona ng'ombe tangu Agosti.

Akambeba kwenye gari hadi Crowheart. Alisimamisha kando ya malisho, akashusha kioo, na mzee akawatazama L wa ubavu wakila marobota kwenye theluji nyembamba, migongo imenyooka, ndama wa mwaka wamejaa vifua.

"Wazuri," alisema.

"Ndiyo."

"Wazuri kuliko wangu walivyowahi kuwa."

Leora aliisikia sentensi hiyo ikiingia, akaisubiri imfanye kitu. Haikumfanya kitu. Ilikuwa imechelewa mno, na ilikuwa ndogo mno, na bado alikuwa na barafu ya kuvunja kwenye birika la kunyweshea ng'ombe. Akamwambia akae mkao mzuri, akapandisha kioo upande wake ili baridi isimpige kifua, akatoka na shoka.